Mji Wetu Katika Karne Zijazo

Aghalabu tuzungumzapo utamaduni wa taifa huzungumza kana kwamba utamaduni ni mali ya jana. Hutaja ngoma, mavazi, mapishi, methali na magofu, kisha tukasisitiza kwamba hayo hayana budi kuhifadhiwa. Ni kweli, nami niliyefundisha Kiswahili na fasihi kwa miaka mingi mjini Mombasa sina sababu ya kuyapinga. Lakini taifa lina kesho kama lilivyo na jana, na kesho nayo ina wasimulizi wake. Je, ni nani wanaoisimulia kesho yetu? Swali hili sikulipata katika vitabu vya wataalamu. Lilinijia kwa njia ya riwaya ya picha iliyotungwa kuandamana na mchezo wa video, tena lilinijia pamoja na aibu yangu mwenyewe. Nitayaeleza yote mawili, kwa kuwa hayatengani.

Mwaka 2008 niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu insha yenye kichwa "Mji wetu katika karne zijazo". Nilitazamia yale ambayo mwalimu yeyote hutazamia: barabara pana, hospitali nyingi, maji safi, vijana wenye kazi. Wengi walinipa nilichokitazamia. Kijana mmoja mpole, aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, alileta karatasi nane alizozigawa kwa rula katika vyumba vidogo vidogo, na katika kila chumba amechora picha kwa kalamu ya risasi. Vyombo vikubwa vimetanda angani juu ya Mji wa Kale. Watu wanakimbilia kivuko cha Likoni, na kivuko, hata katika karne hizo za mbali, kimejaa pomoni na foleni haisogei. Bi kizee mmoja amekaa barazani kwake, hataki kuondoka. Maneno yalikuwa machache, sentensi moja moja zilizozungushiwa mstari karibu na vinywa vya wasemaji.

Nikaandika kwa wino mwekundu: "Niliomba insha, sikuomba michoro." Nikampa sifuri. Alizipokea karatasi zake kwa mikono miwili, hakusema neno, na kipindi kilipokwisha aliziacha ndani ya dawati. Mwisho wa muhula madawati yaliposafishwa, zilitupwa motoni pamoja na takataka nyingine. Niliziona zikitiwa motoni. Sikunyoosha mkono.

Mwezi Desemba mwaka 2009 alitutembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa na kulelewa Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na chakula. Siku ya pili alitoa katika mkoba wake kitabu chenye jalada gumu na karatasi za kung'aa, akaniwekea mapajani. "Mjomba," akaniambia, "mji wenu umo humu." Nalilisikia lile neno "wenu" kabla sijalitazama jalada.

Kitabu kile kiliitwa Halo Graphic Novel. Kilitolewa mwaka 2006 na shirika la Marvel la Marekani, kwa kushirikiana na Bungie, kampuni iliyoutunga mchezo wa Halo. Ndani yake mna hadithi nne za wachoraji mbalimbali. Ya mwisho huitwa "Second Sunrise over New Mombasa", yaani macheo ya pili juu ya Mombasa Mpya. Mwandishi wake ni Brett Lewis, na mchoraji ni Mfaransa Jean Giraud, aliyejulikana duniani kwa jina la Moebius, mmoja wa mabingwa wakubwa wa hadithi za picha katika karne ya ishirini. Moebius aliaga dunia mwaka 2012.

Kabla ya kuendelea, yafaa nimweleze msomaji vitabu vya namna hii vimetoka wapi. Michezo ya mwanzo ya video ilikuwa maskini wa picha na maskini wa maneno. Mtambo wa nyumbani wa kampuni ya Atari, uliotolewa mwaka 1977, ulikuwa na baiti 128 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Baiti moja huhifadhi herufi moja. Ubeti mmoja wa tarbia, wenye mishororo minne ya mizani kumi na sita, una herufi zaidi ya hizo ukihesabu na nafasi baina ya maneno. Maana yake ni kwamba ubeti mmoja wa Muyaka bin Haji usingeenea katika kumbukumbu hiyo. Mtambo wa namna hiyo utasimuliaje hadithi? Mchezaji aliona vipande vya rangi vikipita kwenye kioo cha televisheni. Kwamba kipande hiki ni chombo cha angani na kile ni adui, hilo alipaswa kuambiwa kwa njia nyingine.

Kwa hiyo mwaka 1982 Atari ilianza kutia vijitabu vya picha ndani ya masanduku ya baadhi ya michezo yake, kama vile Defender na Star Raiders. Vijitabu hivyo, vitano kwa jumla, viliitwa Atari Force na vilitengenezwa na shirika la DC Comics. Halikuwa jambo la ajabu, kwa maana Atari na DC zote mbili zilimilikiwa na tajiri mmoja, kampuni ya Warner. Mwaka 1983 mchezo wa Star Raiders ukapata riwaya yake kamili ya picha, iliyoandikwa na Elliot S. Maggin na kuchorwa na José Luis García-López. Kitabu, basi, kilizaliwa kwa sababu ya umaskini wa mtambo na kwa sababu ya tamaa ya mfanyabiashara. Lakini tazama mambo yalivyokwenda. Mwaka huo huo wa 1983 biashara ya michezo ya video iliporomoka Marekani, na Atari ikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Mwaka 1984 Warner iliiuza biashara ya mitambo ya nyumbani. Atari Force, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa jarida la kujitegemea, iliendelea kutolewa hadi mwaka 1985. Mtumishi akaendelea na kazi baada ya bwana wake kuuzwa.

Mitambo ya leo si maskini tena. Huweza kuonyesha jani likitikisika na tone la mvua likiteleza kiooni. Kwa nini basi vitabu vya picha vingali vinaandamana na michezo? Jibu nililipata kwa kusoma kile kitabu cha mpwa wangu. Katika mchezo wa Halo mchezaji huona kwa macho ya askari. Analokuwa nalo mbele yake ni mtutu wa silaha na adui. Hawezi kusimama akamsikiliza muuza duka, wala kuingia nyumba ya jirani kujua wamelalaje. Kitabu huweza. Hadithi ile iliyochorwa na Moebius huwageukia raia wa mji wenyewe, na jinsi habari za vita zinavyotengenezwa ili watu wasivunjike moyo. Mchezo humpa mtu mkono wa kutenda. Kitabu humpa jicho la kutazama pembeni.

Halo ni bunilizi ya kisayansi juu ya vita baina ya wanadamu na viumbe wa sayari nyingine. Ilianza mwaka 2001. Katika mchezo wa pili, uliotoka mwaka 2004, maadui waifikia dunia yetu katika mwaka 2552, na mji wanaouvamia ni Mombasa. Kando ya Mombasa ya Kale kumesimama Mombasa Mpya, mji wa majumba marefu wenye mnara wa ajabu unaopandisha mizigo hadi anga za juu. Katika mchezo wa tatu, wa mwaka 2007, vita vyafika Kilimanjaro, Tsavo na Voi. Katika ule wa mwaka 2009, uitwao Halo 3: ODST, askari aliyeanguka mjini huzunguka peke yake usiku katika mitaa isiyo na watu. Upo hata uwanja wa mapambano uitwao Zanzibar.

Nilikisoma kitabu kile usiku kucha. Nilivutiwa, sitaki kudanganya. Lakini kila nilipofungua ukurasa nilikuwa nikitafuta. Nilimtafuta mama anayekaanga viazi vya karai jioni. Niliitafuta sauti ya adhana, na harufu ya kahawa chungu, na wazee wanaocheza bao. Nilijitafuta mwenyewe. Mji ule ulikuwa na jina letu, lakini haukuwa na pumzi yetu.

Kesho yake jioni nilimchukua mpwa wangu tukatembea hadi Kizingo. Nilipomtajia jina la mahali alisimama ghafla. Alilijua. Katika mchezo ule mpya mna barabara iitwayo Kizingo, na mna kituo kiitwacho Kikowani. Alitazama juu ya bahari, kama mtu anayeutafuta ule mnara, kisha akacheka. Nikamwambia kwamba Kikowani ni mahali pa kweli, na kwamba katika makaburi ya huko ndiko alikozikwa baba wa babu yake. Hakucheka tena. Alikuwa amepigana mara nyingi katika kituo chenye jina hilo, akiwa amekaa sebuleni kwao Uingereza, na hakuna aliyewahi kumwambia habari hiyo. Lawama ilikuwa ya nani? Si ya mtunga mchezo. Ilikuwa yetu sisi wajomba na mama zake.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo sikuweza kulinyamazia. Katika maelezo ya ulimwengu wa Halo, mji huo wa mwaka 2552 umo ndani ya nchi inayoitwa Himaya ya Afrika Mashariki. Msomaji atakumbuka kwamba hilo ndilo jina Waingereza waliloipa nchi yetu tangu mwaka 1895 hadi mwaka 1920. Watungaji wamepita karne tano mbele, wakavumbua silaha na vyombo visivyohesabika, lakini walipotaka jina la nchi yetu walilichukua katika kabati la mkoloni. Sidhani kwamba walikusudia dharau. Yamkini hawakuona kwamba hapo pana jambo la kufikiriwa. Na hilo ndilo somo lenyewe: mtu akikusimulia wewe hali hakujui, hatakutukana lazima, atakupachika jina la kwanza analolikuta.

Lakini haki itendeke pande zote. Kwanza, kuichagua Mombasa hakukuwa kubahatisha. Mnara wa kupandishia vitu angani, kama wataalamu wanavyoufikiria, huhitaji kujengwa Ikweta au karibu nayo, kwa sababu chombo kinachoonekana kutulia mahali pamoja angani huzunguka juu ya Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa Ikweta, nayo ni bandari kubwa. Pwani yetu imekwisha kutumika kwa kazi ya namna hiyo. Karibu na Malindi Waitaliano walikuwa na jukwaa la baharini la San Marco, ambalo liliwahi kurushia setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, ya kwanza ya namna yake, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ni wanafunzi wangapi wanaolijua hilo? Wengi huambiwa kwamba anga ni habari ya wageni.

Pili, sisi wenyewe tumefanya lile tunalowalaumia wengine. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Pate, wasimulia vita vya nchi za mbali, baina ya Waislamu na jeshi la mfalme Herekali. Hakuna aliyemzuia mshairi yule wa Pate kuutunga kwa lugha yake na kwa bahari yake. Mtu hana haja ya hati ya ruhusa ili aisimulie nchi ya mwenziwe.

Tatu, hata yaliyomo katika michezo hii si mageni kama yanavyoonekana. Watu wasiojulikana kufika kwa vyombo vikubwa na kuuchoma mji: Mombasa iliyaona hayo mwaka 1505 na mwaka 1528, Wareno walipokuja kwa merikebu zao. Mtu kupita peke yake katika mji ulionyamaza na kuyatazama majumba yaliyokufa: Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyatafakari magofu ya Pate katika Al-Inkishafi zaidi ya miaka mia moja na hamsini kabla ya Halo. Fasihi yetu inajua kuutazama mji uliokwisha. Kinachotupungukia ni kuutazama mji ambao haujafika.

Katika kusoma zaidi nilikuta jambo lililonifumbua macho. Mwaka 2007 Marvel ilianza kutoa mfululizo mwingine wa picha, Halo: Uprising, uliokusudiwa kuunganisha mchezo wa pili na wa tatu. Mwandishi wake, Brian Michael Bendis, alizaliwa Cleveland, mji wa viwanda katika jimbo la Ohio. Alipopewa nafasi ya kuandika juu ya uvamizi wa dunia nzima, aliupeleka wapi? Aliupeleka Cleveland. Sikumlaumu. Alifanya lile ambalo mwana wa mji apaswa kufanya: alipopata kalamu aliukumbuka mji wake. Nikajiuliza, mwana wa Mombasa alipopata kalamu, mwalimu wake alimfanyia nini?

Simwambii msomaji kwamba vitabu hivi havina kasoro. Mwandishi wake hutunga ndani ya uzio. Hawezi kumwua shujaa ambaye mchezo ujao unamhitaji, wala kumaliza vita ambavyo kampuni ingali inaviuza. Hata ratiba humponyoka: Halo: Uprising ilimalizika mwaka 2009, hali mchezo uliopaswa kutanguliwa nayo ulikuwa umetoka mwaka 2007. Baadhi ya vitabu hivi ni tangazo la biashara tu lililovikwa rangi. Mwalimu anayemruhusu mwanafunzi kuvisoma amfundishe pia kuuliza: ni nani alilipia hadithi hii, na alitaka nifanye nini baada ya kuisoma? Swali hilo lafaa kwa kitabu chochote, kikiwamo cha kiada.

Basi nirudi kwenye aibu yangu. Karatasi za kung'aa za Mfaransa, zilizofungwa kwa jalada gumu na kuvuka bahari mbili, nilizisoma usiku kucha kwa heshima. Karatasi nane za mwanafunzi wangu, zilizochorwa juu ya mji ule ule, zenye kivuko cha Likoni na bi kizee wa barazani, nilizipa sifuri na kuziacha ziungue. Yote niliyoyatafuta bila kuyapata katika Mombasa Mpya, yeye alikuwa amekwisha kuyaweka mbele yangu mwaka mmoja kabla. Nilishindwa kuyaona kwa kuwa hayakuja katika aya.

Mwaka 2012 nilimkuta Changamwe, katika gereji, akipaka rangi na kuchora ubavuni mwa matatu. Mkono wake ulikuwa umekomaa. Nilimwamkua, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa ajili ya insha ile. Alinitazama kwa muda, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mwalimu, mimi yale nimeshayasahau." Nikamwomba aichore tena hadithi ile, nami nitamnunulia karatasi. "Nikipata nafasi, mwalimu," akanijibu kwa adabu. Nafasi hiyo haijapatikana hadi leo, nami sina haki ya kuidai.

Tangu hapo nimebadilisha jambo moja katika kazi yangu. Kila mwaka nilitoa insha ile ile, yenye kichwa kile kile, na nikaruhusu mwenye kuchora achore, kwa masharti mawili: maneno yawe Kiswahili sanifu kilichosahihishwa kama insha nyingine yoyote, na mahali pawe mahali anapopajua kwa miguu yake. Kazi nyingi zilikuwa dhaifu, kama insha nyingi zilivyo dhaifu. Chache zilinifanya nikae kitako. Msichana mmoja alichora mnara wa angani umesimama Kongowea, na chini yake wauza mboga wakibishana na karani juu ya ushuru wa kupandisha mchicha mwezini. Alilijibu swali la nchi hiyo yaitwaje bila kuulizwa: kwenye bango la lango aliandika "Kenya".

Ndugu walimu, mchezo wa video huhitaji mamia ya mafundi na fedha nyingi. Hadithi ya picha huhitaji karatasi, rula, kalamu ya risasi na kifutio, na mtoto aliyeambiwa kwamba mji wake wastahili kuchorwa. Vitu vinne vya kwanza vyapatikana katika kila duka la vitabu. Cha tano kimo mikononi mwetu. Tukikinyima, tusishangae wapwa zetu watakaporudi nyumbani na kutuambia kwamba mji wetu umo ndani ya kitabu cha watu wengine.